Muulize Fundi: Agosti mlangoni Edinburgh

Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, mtoto wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 15 Edinburgh. Miezi 11 napunguza suruali za watu na kushona mapazia. Ikifika Agosti cherehani naifunika khanga, navaa fulana nyeusi, nasimama kwenye mlango wa ukumbi nakagua tiketi za Fringe, lile tamasha kubwa la sanaa la hapa Edinburgh. Zamani tulichana karatasi. Siku hizi kimashine kinalia ti! mtu anapita. Toleo lililopita niligusia kazi hiyo kwa sentensi moja tu, barua zikamiminika. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo Fundi. Tunaishi Reading, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Tumepata siku 2 za Edinburgh katikati ya Agosti. Nimefungua orodha ya Fringe kwenye simu nikakuta maonyesho zaidi ya 3,000, nikaifunga. Tuanzie wapi?
Mama Wawili, Reading

Marahaba mwanangu. Hata mimi huifunga. Mwaka 2024 maonyesho yalipita 3,300. Fringe ina siku kama 25; ukitazama matano kila siku bila kuumwa kichwa wala kuishiwa hela, utakuwa umeona 125. Kwa hiyo wazo la kuchagua "yaliyo bora" liondoe kabisa. Hakuna aliyeyaona yote, hata hao wanaogawa nyota magazetini.

Fanya hivi. Kabla hamjapanda treni kateni tiketi za maonyesho mawili tu: sarakasi ya mchana kwa ajili ya watoto, na jingine moja mnalolitaka wakubwa, mmoja wenu akibaki na wanawe. Someni umri ulioandikwa chini ya kila onyesho. Picha ya mdoli isikudanganye: kuna maonyesho ya vikaragosi ya watu wazima, ukimpeleka wa miaka 7 utajibu maswali njia nzima mpaka Reading.

Muda uliobaki uache wazi. Siku yenyewe nenda kasimame kwenye ua wa Pleasance, au pale Bristo Square, watu wanapotoka kwenye onyesho, uwatazame. Mimi sisomi mabango, nasoma nyuso. Waliotoka kwenye vichekesho vizuri wanatoka na kelele, mmoja anamrudia mwenzake mstari uleule aliousikia naye, na wanacheka upya kana kwamba ni habari mpya. Waliotoka kwenye mchezo wa kuigiza uliowakamata wako kimya. Wanasimama hapohapo mlangoni, hawajui waende kulia au kushoto, nami napata kazi ya kuwaomba wasogee. Waliotazama kitu kibovu utawajua kwa simu. Zimeshawashwa kabla hawajafika mlangoni, na maneno yao ya kwanza ni ya chakula. Ukiona wa namna ile ya pili, waulize wametoka kutazama nini. Watakwambia, tena watakushika mkono.

Kuhusu nyota. Ukipita High Street utapewa vipeperushi mpaka mikono ijae, na vingi vina kikaratasi kilichopigwa pini juu yake: nyota nne, nyota tano. Vikaratasi vile wasanii wanavikata wenyewe usiku na mkasi. Stepla yangu hukopwa kila mwaka na hairudi. Soma jina dogo lililo chini ya nyota ujue ni gazeti gani limezitoa, maana nyingine hata shangazi wa msanii anaweza kuwa ndiye mhariri. La maana zaidi, muulize anayekupa: "Na wewe umo?" Akisema yumo, mwache akueleze kwa sentensi tatu. Akikueleza vizuri barabarani, kwenye mvua, mbele ya watu wanaompita kama nguzo, jukwaani hatakuangusha sana.

Mambo mawili ya miguu. Ramani ya simu itakuonyesha kwamba George IV Bridge na Cowgate zinakatana. Hazikatani! Moja ni daraja na nyingine inapita chini yake kama mtaro, kuna ngazi za kutosha kuamsha ugonjwa wa goti. Acheni nusu saa nzima kati ya onyesho na onyesho. Na mwavuli uacheni nyumbani, upepo wa huku unaugeuza bakuli. Koti lenye kofia ndilo koti.

Na tafadhali, saa. Tiketi ikisema 20:20 ni saa 2 na dakika 20 usiku. Mwaka mmoja mdogo wangu mwenyewe, aliyekuja kunitembelea kutoka Muheza, alinisubiri nje ya ukumbi kuanzia saa 8 mchana kwa sababu aliona 8:20 kwenye kipeperushi. Alikula chipsi mara tatu.

SWALI: Fundi, rafiki yangu aliyeko Uskoti anadai kwamba Fringe haina kamati ya kuchagua wasanii. Mimi nimekaa kwenye kamati za matamasha hapa Dar, nikamwambia hakuna tamasha lisilo na kamati. Tumebishania soda.
Mzee wa Kamati, Temeke

Mnunulie soda yake, mzee wangu.

Mwaka 1947, vita vimekwisha juzi tu, Edinburgh ilianzisha tamasha kubwa la kimataifa la muziki na maigizo. Hilo lilikuwa na kamati yake, na lingali nayo mpaka leo. Vikundi 8 ambavyo havikualikwa vikaja vivyo hivyo, vikatafuta kumbi zao vyenyewe, vikacheza. Kimojawapo hakikucheza hata mjini. Kilicheza Dunfermline, ng'ambo ya ghuba. Mwaka uliofuata mwandishi Robert Kemp aliandika kwamba pembezoni mwa tamasha rasmi kuna mambo yanachipuka, akatumia neno fringe, na jina likaganda.

Hilo neno, kwa sisi mafundi, ni matamvua. Yale ya kwenye kikoi. Nguo ni tamasha rasmi, matamvua ni hawa wasioalikwa. Ila sasa matamvua yamekuwa makubwa kuliko kikoi: mwaka 2019 tiketi zilizotolewa zilipita milioni 3. Mwaka uliofuata Korona ikafunga kila kitu, na Agosti hiyo nilishona barakoa.

Chama cha Fringe kipo tangu mwaka 1958, lakini kazi yake ni kuchapisha orodha, kuuza tiketi na kuwashauri wasanii. Hakimwambii mtu "wewe hufai". Ukipata ukumbi utakaokukubali na ukalipa ada ya kuandikishwa, umo. Kumbi zenyewe nyingine huchagua, Traverse kwa mfano ni wagumu, lakini ukikataliwa hapo utafute chumba juu ya baa, au ghala, au basi lililoegeshwa.

Ndiyo maana, mzee, kuna upuuzi mwingi pia. Nimewahi kusimama mlangoni siku 24 mfululizo kwenye mchezo wa vijana wanne waliojifunika mashuka wakisema wao ni mawimbi. Nikajua maneno yote. Kamati yako ya Temeke ingewatoa mchana ule ule, na pengine ingekuwa na haki. Lakini ingemtoa na mwanamke mmoja aliyekuja peke yake na kiti, akakaa, akasimulia saa nzima habari za kumuuguza baba yake, nami nikaenda kumsikiliza siku yangu ya mapumziko, kwa tiketi niliyoilipia. Fundi kulipa!

SWALI: Tangu Ramadhani Brothers, wale wanasarakasi wa Tanzania, washinde shindano la vipaji kule Marekani mwaka 2024 wanangu wanabebana vichwani sebuleni, na tayari tumevunja meza. Nataka niwapeleke wakaone sarakasi ya kweli Edinburgh, ila nimesikia hakuna wanyama. Sarakasi bila simba si ni mazoezi ya viungo tu?
Mama wa Kisauni, sasa Leicester

Dada, simba hutawaona. Uskoti ina sheria ya mwaka 2018 ya kupiga marufuku wanyama wa mwituni kwenye sarakasi zinazosafiri, na hata kabla ya hapo Fringe haikuwa mahali pa ndovu. Lakini sikiliza.

Sisi tuliokulia Tanga tulitazama sarakasi kwa mbali. Sikukuu vijana wanatandika magunia uwanjani, sisi tuko nyuma ya watu, tunaona miguu ikipita juu ya vichwa vya waliosimama mbele. Fringe unakaa mita tatu. Kuna mahema kwenye uwanja wa Meadows ambayo kampuni ya Underbelly huyasimamisha kwa ajili ya sarakasi, na kuna kumbi za kawaida ambazo vikundi kama Gravity & Other Myths wa Adelaide wamezitumia bila mapambo yoyote. Mkeka, taa, na watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sarakasi ina sauti. Unasikia makofi ya mikono yenye unga wa chaki. Unasikia yule anayerushwa akivuta pumzi kabla ya kuondoka, na yule wa chini akiitoa anapompokea. Watu wote wanamtazama aliye juu. Wewe waambie wanao wamtazame aliye chini: mashavu ya miguu yake yanatetemeka kama kamba ya kuanikia nguo, uso umetulia tuli. Anamtunza mwenzake kwa vidole vya miguu.

Nina haki ya kuzungumzia miguu yao. Mwaka mmoja kijana wa kurushwa alinijia dakika kumi kabla ya milango kufunguliwa, suruali imepasuka pale pasipotajwa, ya akiba iko kwenye mashine ya kufulia. Mama yangu alikuwa akisema nguo haishonwi mwilini. Nilishona mwilini. Nilimwambia asipumue, naye akacheka, nikamchoma sindano, akacheka zaidi. Nilitumia uzi mara mbili na mshono wa kurudi nyuma. Jioni ile nilitazama onyesho zima nikiangalia mshono wangu ukipaa hewani, kila akipanua miguu nafumba macho. Ulishika.

Na wako wetu. Wakenya watano wanaojiita The Black Blues Brothers, waliofunzwa Sarakasi Trust ya Nairobi, ile iliyo kwenye jengo la zamani la sinema ya Shan, Ngara, wamekuja Fringe na suti zao nyeusi na kofia. Ukisoma majina yao, Bilal, Rashid, Seif, Mohamed, utadhani mwalimu anaita daftari shuleni kwenu Mombasa. Wale wanabebana mpaka mtu anakuwa nguzo ya nyumba, na bado kofia ziko vichwani.

Meza usinunue nyingine mpaka mrudi.

SWALI: Si swali, ni lalamiko. Mwaka jana tulisafiri kutoka Birmingham, tukachelewa dakika 4 tu, nne! Mama mmoja mlangoni, mweusi mwenzetu, akatuambia mlango umefungwa na haufunguki. Tulimwomba hata kwa Kiswahili. Tiketi mbili zimepotea. Ubinadamu uko wapi?
Aliyezuiwa, Birmingham

Huenda ni mimi. Mlisema "mama tafadhali, tumetoka mbali", na mwenzako alikuwa na kibegi cha kijani? Basi ni mimi. Pole sana, nanyi mlinitia simanzi usiku kucha.

Nikueleze kilicho nyuma ya mlango. Chumba chetu kina viti 60 na kwa siku kinapokea maonyesho 8 au 9. Baina ya moja na jingine tuna dakika 15. Katika dakika hizo watazamaji watoke, vyombo vya jukwaani vitolewe, mtu apige ufagio, vyombo vya wanaofuata viingie, fundi wa taa abadilishe taa, watazamaji wapya waingie. Anayezidisha dakika 5 anaiba muda wa anayemfuata, na yule naye amelipia. Na mlango wetu uko ubavuni mwa jukwaa. Anayechelewa hapiti nyuma ya watu, anapita katikati ya hadithi.

Kwani sijawahi kulegea? Nimelegea mara moja. Babu na bibi, wamelowa chapachapa, nikawahurumia nikafungua. Ndani ilikuwa ni kifo cha mama wa kwenye mchezo. Maiti iko chini, binti analia, chumba kizima kinapenga makamasi. Babu akapita, akajikwaa mguu wa maiti, akainama akamwambia, "Samahani sana." Maiti, kwa adabu zake, ikatikisa kichwa. Msimamizi wangu hakunisemesha siku mbili.

Mwaka huu njooni, mfike robo saa kabla. Viti vingi havina namba, wa mwanzo ndiye anayechagua. Mkinikuta, chai ya tangawizi iko kwenye chupa yangu.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Fundi. Mimi Kiingereza changu ni cha kazini, si cha utani. Mume wangu anataka twende vichekesho. Naogopa mambo mawili: kwamba sitaelewa, na kwamba mchekeshaji ataniona na hijabu yangu anifanye ndio mzaha wa usiku.
Bi Harusi wa Coventry

Waaleikum salaam, mwanangu. La kwanza ni kweli kwa kiasi. Hata mimi, baada ya miaka yote hii, mchekeshaji wa Glasgow akishika kasi nabaki nashika maneno ya mwisho tu. Halafu kuna mzaha unaotegemea kipindi cha televisheni cha utoto wao. Watu wanalia kwa kicheko, wewe unaangalia dari. Epuka hao. Tafuta wahamiaji wenzako. Trevor Noah alikuwa hapa mwaka 2012 kabla dunia nzima haijamjua, na Njambi McGrath, Mkenya wa huko kwenu Uingereza, amepanda majukwaa ya hapa. Wao wanaeleza mambo ya Waingereza kama anavyoyaeleza mgeni, na mgeni unamwelewa. Au tafuta wale wasiosema kabisa, wanaochekesha kwa mwili. Mmoja nilimwona akipambana na kiti cha kukunja kwa dakika 20, na sijawahi kutazama kiti kwa macho yale tena.

La pili dawa yake ni kiti. Usikae mstari wa mbele, usikae pembeni mwa njia, na usikae peke yako mstari mzima. Katikati, mstari wa nne, umepotea. Wachekeshaji wa maana hawamchezei mtu aliyevaa hijabu kwa hijabu yake. Wa ovyo wapo, na kicheko cha watu kwao huwa kifupi, utaona.

Ila nikuambie kisa changu. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, nikakaa mbele. Kijana akaniona na mtandio, akauliza natoka wapi, nikasema Tanga. Akauliza Tanga kuna nini, nikasema mkonge, ila umeshuka bei. Wakacheka, sijui kwa nini. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni fundi nguo, na pindo la suruali yako mguu wa kushoto limeshonwa vibaya, linaning'inia. Wallahi ukumbi ulivunjika mbavu. Dakika 40 zilizobaki alisimama mguu wa kushoto ameuficha nyuma ya kulia, na kila alipojisahau mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Pindo!" Kesho yake aliniletea ile suruali. Nilimtoza pauni 6.

Kumbi nyingi za vichekesho, hasa za bure, ziko ndani ya baa. Unaweza kuagiza soda au maji, hakuna atakayekuuliza. Ukienda baada ya saa 4 usiku utakutana na walevi, kwa hiyo nenda za alasiri. Na "bure" isikuponze: mwishoni msanii anasimama mlangoni na ndoo. Ndoo ile ndiyo mshahara wake wa siku. Siku hizi mpini wake umefungwa kimashine cha kadi, kwa hiyo ile dua ya "sina chenji" haipokelewi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa. Tuko kundi la watu 7: ngoma, sarakasi na igizo fupi. Tunataka kuja Fringe mwakani. Wanatulipa kiasi gani, na tuanze na nani?
Kiongozi wa kundi, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Kaa chini kwanza.

Hawawalipi. Nyinyi ndio mnaolipa. Mnalipa kuandikishwa, mnalipa ukumbi, na tiketi zikiuzwa mgawo wa kawaida ni asilimia 60 kwenu na 40 kwa wenye ukumbi. Kumbi nyingine zinataka kiasi fulani cha chini hata kama hakuna aliyekuja. Juu ya hapo nauli. Juu ya hapo kitanda, na kitanda ndicho kinachoua makundi mengi kuliko jukwaa. Agosti chumba cha mji huu kinapanda bei kama ndizi za Ramadhani. Nawajua wasanii waliolala 9 kwenye sebule moja, zamu za kugeuka.

Kuhusu viza, habari si mbaya kama unavyodhani. Fringe imo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya matamasha ambayo msanii anaweza kuja kwa viza ya kawaida ya mgeni na akalipwa. Lakini kila mmoja wenu 7 anaomba yake, analipia yake, na mmoja akinyimwa mnabaki 6. Kwa hiyo tengenezeni onyesho linaloweza kusimama hata na watu 5. Mnaobebana, kila mtu ajue nafasi ya mwenzake.

Anzeni sasa hivi, si Machi. Kumbi hupokea maombi miezi ya baridi, na orodha kubwa hutoka Juni. Mkija na wazo mwezi wa Mei mmeshachelewa. Onyesho liwe la dakika 55, si saa na nusu. Najua ngoma zetu hazipendi kukatwa, lakini nimekwisha kueleza habari za mlango wangu.

Halafu ngoma zenyewe. Huko mnaziota moto wa makuti, ngozi inakaza. Huku kuna ukungu wa baharini na vyumba vya chini ya daraja ambavyo ukuta unatoa jasho. Ngozi inalegea mpaka ngoma inasema kama debe lenye nguo ndani. Na moto ndani ya ukumbi usithubutu hata kuutaja. Nimemwona mpiga ngoma mmoja amechuchumaa kwenye korido na mashine ya kukaushia nywele, anaizungusha juu ya ngozi polepole, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anarudia. Mwenye ukumbi wa jirani akidhani ni mtengeneza nywele. Leteni mashine mbili.

Njia nyingine ni kuletwa. Wale Wakenya niliowataja hapo juu walishikwa na mtayarishaji wa Kiitaliano. Watu wa namna hiyo hutembea: wanakwenda Sauti za Busara, na tamasha lenu hapohapo Bagamoyo. Onyesho likiwa limeiva nyumbani mtu wa kulileta hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko fedha ya kulileta wenyewe.

Sitaki kukuvunja moyo, nataka ujue. Yule mwanamke wa kiti niliyemtaja kwa mzee wa Temeke, usiku wake wa tatu walikuja watazamaji 2, na mmoja ni mimi. Alisimulia yote, hakukata hata neno. Alipomaliza akakunja kiti chake, akaniuliza wapi mtu anaweza kupata mchele wa bei nafuu. Nilimpeleka kwangu nikampikia wali wa nazi na dagaa. Alikula kimya, kisha akaniambia kesho atabadilisha mwanzo.

SWALI: Fundi, kwa ufupi tu: swala na chakula cha halali, katika hizo purukushani?
Abu Salma, Luton

Kwa ufupi: msikiti mkuu uko Potterrow, katikati kabisa ya Fringe, hatua chache kutoka Bristo Square. Ukitoka kwenye vichekesho unavuka njia unavua viatu. Ule mgahawa ulioanza kwa kupika nyuma ya msikiti, Mosque Kitchen, sasa uko Nicolson Square, wali na mchuzi, sahani inajaa. Angalia Magharibi tu: mwanzoni mwa Agosti jua linazama baada ya saa 3 usiku, mwishoni mwa mwezi karibu saa 2 na robo, kwa hiyo maonyesho ya saa 3 yanaliwa na swala wiki ya kwanza na kufikia ya mwisho yako huru. Mimi zamu zangu nazipanga hivyo, na msimamizi ameshazoea. Juzi ndiye aliyenikumbusha: "Fundi, jua!" Nikamwachia kimashine.